Mwalimu wa Programu na Simu ya Nyumba Yetu

Ninyi vijana mnaosoma kompyuta, na ninyi wajukuu zangu mtakaopewa karatasi hizi, someni polepole. Mimi niliishia darasa la nne, mbwembwe za kuandika sina. Nataka kueleza habari za mtu mmoja aliyepanga kwangu hapa Yakobi, Njombe, kwa miaka saba. Jina lake silitaji, wala chuo kikuu alichofundisha sikitaji. Alizaliwa wapi na nani, mtamuuliza mwenyewe mkimpata. Kwangu alikuwa Mwalimu. Wanafunzi wake walimwita Madam.

Ndani ya habari zake imo habari ya mkwe wangu, mke wa mwanangu. Karatasi hizi amezisoma kabla yenu. Alifuta mistari miwili kwa kalamu nyekundu, akasema iliyobaki ipite. Dawa anazotumia sizitaji, na ninyi msibahatishe.

Mwalimu alikuwa mwembamba, mkavu wa maneno, na miguu yake haikujua kutembea polepole. Mvua au jua, alivaa sweta la kijivu, zipu imefungwa mpaka kidevuni. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshaamka na kufagia upande wake wa uwanja, na akikuta sijawasha moto alinitazama kama mwanafunzi aliyechelewa. Moto ukishika, alivuta kigoda karibu na mafiga, kompyuta magotini, macho yanatoka machozi.

"Mwalimu, moshi utaiua hiyo mashine," nilimwambia.

"Mashine ni ya chuo, Mama. Mgongo unaoganda ni wangu."

Alimwogopa ng'ombe wangu, ng'ombe mpole kuliko yeye. Alipita ukutani kama mwizi. Lakini watu hakuwaogopa, hata wakubwa zake.

Alifundisha vijana kuandika programu, na kazi aliyowapa haikufanana na ya walimu wengine. Alinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa, maana nilimkataza kuniambia "hayo ni ya kitaalamu, Mama." Duniani kuna programu za kusaidia watu wenye shida: za zahanati, za wakimbizi, za kutafuta waliopotea kwenye mafuriko. Maandishi yake hayafichwi. Anayejua kusoma anasoma, anayeona kasoro anarekebisha, anayehitaji anachukua bure. Ila rekebisho lako haliingii mpaka mtu mwingine alisome na kulikubali. Nikamwambia basi ni kama maji yetu ya mserereko, yanayoshuka yenyewe kutoka mlimani. Bomba likipasuka, yeyote mwenye mikono anafukua na kuziba, lakini koki kubwa haifunguliwi mpaka mtu wa kamati aje atazame. Alifurahi sana. Tangu siku hiyo kila darasa jipya lilipelekwa kuitazama koki kubwa, wakarudi na matope mpaka magotini, wengine wakinung'unika kwamba hawakuja chuo kikuu kusoma mabomba.

Na huyo aliyehubiri uwazi, mlango wake aliufunga kwa kufuli mbili. Nilimuuliza anaficha nini.

"Kilicho wazi ni maandishi, Mama. Chumba ni chumba."

Nilimcheka. Kwa miaka sikuona kwamba ndani ya jibu hilo kulikuwa na somo zima, na kwamba siku moja hata yeye angelisahau.

Miezi miwili ya kwanza wanafunzi wake hawakuandika kitu. Walisoma tu maandishi ya watu wengine, kurasa kwa kurasa, na kuandika maswali kwenye daftari za kawaida. Wakija kwangu Jumamosi nyingine kumtafuta, niliwapa visu wamenye viazi, maana jikoni kwangu hakuna mtazamaji. Kijana mmoja akalalamika kwamba yeye anajua kuandika tangu kidato cha pili.

"Umeolewa jana," Mwalimu akamwambia, "leo unahamisha mafiga?"

Wenzake walimwita Bibi Harusi mpaka akamaliza chuo.

Kazi hii haikupendwa chuoni. Mkuu wake wa idara alikuja hapa mara moja, na gari, akakataa kukaa kwenye kigoda. Walizungumza uwanjani, nami nilikuwa naanua nguo, sikujificha.

"Madam, wenzako wanatoa mtihani, wanasahihisha, wanamaliza. Wewe matokeo yako yanamngoja mtu wa ng'ambo aamke aikubali kazi ya mwanafunzi."

"Ndivyo kazi ilivyo, Daktari."

"Wape programu ya maktaba watengeneze."

"Maktaba ya nani?"

"Ya mfano tu."

"Ya mfano wanatengeneza kila mwaka. Hakuna mtu aliyewahi kuazima kitabu humo."

Mkuu akamwambia hivi: likitokea kosa moja kwenye zahanati ya kweli, kwa mkono wa mwanafunzi, somo hilo amelifunga. Mwalimu akasema amesikia. Gari lilipoondoka, aliingia jikoni akamenya viazi vyangu vyote bila kuombwa, na maganda mazito mpaka nikamnyang'anya kisu.

Kosa likaja.

Mwaka ule alikuwa na mwanafunzi mmoja kutoka Manda, kule ziwani Ludewa, binti mwenye sauti ndogo na akili kubwa. Programu waliyokuwa wanairekebisha ilikuwa ya kuwakumbusha wagonjwa tarehe zao kwa ujumbe wa simu, na kliniki moja ya Makambako ilikuwa inaitumia. Makambako mnaijua, ni njia panda. Wanaotibiwa pale ni madereva, wapakia mbao, wauza mahindi, na watu wanaotoka mbali makusudi ili majirani wasiwaone kwenye benchi. Manesi walilalamika. Ujumbe ulisema tu, "Kumbuka miadi yako," na simu moja inatumiwa na watu sita. Ukiingia, nyumba nzima inaulizana ni wa nani, kisha unafutwa, na mwenye tarehe inampita. Binti wa Manda akarekebisha: ujumbe utaje jina la mtu, na dawa anazozifuata. Rekebisho likasomwa, likakubaliwa, likaingia. Darasani walimpigia makofi.

Jumanne moja nilikuwa shambani navuna viazi, simu ikalia mfukoni. Nilisoma mwenyewe, kidole kinafuata herufi. Lilikuwa jina la mkwe wangu. Na dawa, kwa jina lake kamili. Kliniki, Makambako, Jumanne ijayo. Na mwishoni: utakumbushwa tena Jumamosi saa nne asubuhi.

Mkwe alikuwa tuta la pili, ameinama, anajaza ndoo. Siku mbili nyuma aliniomba ruhusa ya kwenda Makambako kutafuta vitenge. Nilimjibu viazi kwanza, Makambako haihami.

Nieleweni hapo. Namba yangu ndiyo namba ya nyumba. Wote wanaiandikisha, kanisani, shuleni, hospitali. Na Jumamosi mwanangu anarudi kutoka Makambako anakopakia mbao, na simu inakuwa mkononi mwake tangu asubuhi, kwa kuwa ndiye anayezungumza na wanunuzi wa parachichi zetu. Si mtu mbaya. Ana hasira za kuwahi, na mkewe alikuwa hajamwambia. Angeusoma ujumbe ule, asingeona ugonjwa. Angeona kwamba amefichwa. Kwa asubuhi moja ningepoteza mkwe, na wajukuu wawili wangeondoka na mama yao.

Sikumwambia mkwe neno. Nilinawa mikono, nikaenda kwa Mwalimu, nikaweka simu juu ya kompyuta yake. Alisoma mara moja. Akaishusha zipu ya sweta, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Uondoe," nilimwambia. "Sasa hivi."

"Siwezi peke yangu, Mama. Lazima mwingine asome rekebisho, ndipo liingie."

"Ipigie kliniki wazime."

Akapiga. Nesi akasema mashine inaguswa na mtaalamu wao tu, naye yuko Ipelele msibani, hapatikani kwenye simu.

"Basi Jumamosi nitazima simu yangu."

"Utaizima yako," Mwalimu akasema. "Ya nyumba nyingine nani ataizima?"

Nyumba nyingine sikuwa nimeziwaza hata kidogo. Nikamwambia, "Andika wewe, ndiye mwalimu."

"Aliyeandika ndiye atakayeandika upya."

"Mwalimu, hapa si shuleni. Hii ni ndoa ya mwanangu."

"Ndiyo maana," akasema.

Siku ile nilimchukia, na sioni sababu ya kuficha. Nilitamani nimwambie atafute chumba kwingine.

Binti alifika Alhamisi mchana. Mkwe nilikuwa nimemtuma mjini dukani, ili jikoni tubaki watatu. Mwalimu hakumkaribisha chai.

"Nyumbani kwenu Manda mna simu ngapi?"

"Moja, Madam."

"Inakaa kwa nani?"

"Kwa baba mdogo."

"Ulipoweka jina na dawa, ulimfikiria baba mdogo?"

Nilidhani binti atasema alisahau. Mtoto akienda chuo, husahau kwao.

"Nilimfikiria, Madam. Ndiyo sababu niliweka. Ujumbe usio na jina baba mdogo anafuta. Bibi alipitwa na dawa za presha mara mbili."

"Na kama dawa zingekuwa zako wewe? Na si za presha?"

Machozi yakaanza kumshuka binti. Mwalimu hakumbembeleza. Alimsogezea kompyuta.

"Lia huku unaandika. Jumamosi haitusubiri."

Nami nikaona niseme, maana kukaa kimya jikoni kwangu mwenyewe sijazoea. Niliwaambia kwamba zamani, ukitaka kumfikishia mwanamke neno katika nyumba ya watu, ulimtuma mtu akaseme, "Kuku wake ametaga kwangu." Nyumba nzima ilisikia habari za kuku. Yeye peke yake alisikia neno. Mlikubaliana mapema, yeye ndiye aliyechagua kuku. "Sasa ninyi," nikasema, "mnamwandikia mtu ujumbe na hamjamuuliza anataka aandikiwe nini?"

Binti akaacha kulia akanitazama. Mwalimu akachukua daftari akaandika.

"Hilo ni la mwezi ujao," akasema. "Leo tuzibe."

Kuziba kulikuwa kuondoa jina na dawa, ujumbe urudi kama zamani. Kazi ndogo, walisema. Jioni ile binti akapeleka rekebisho. Ijumaa asubuhi mtu wa ng'ambo akajibu kwa adabu kwamba hawezi kukubali, halijajaribiwa. Mimi nikauliza kama anajua kuna watu huku. Mwalimu akasema anajua, na kama tungekuwa tumelijaribu lile la kwanza hivyo hivyo, tusingekuwa hapa. Binti akajaribu, akakuta kweli kuna mahali pa pili ambapo jina lilikuwa limebaki. Angeliingiza vile, nusu ya watu wangepata majina yao yaleyale. Akarekebisha, akapeleka tena. Mwalimu alikuwa anatembea kutoka mlangoni hadi kwenye kuni, kutoka kwenye kuni hadi mlangoni. Mkwe alirudi kutoka mtoni na nguo, akawakuta hivyo, akawasalimu, akauliza kama kuna msiba.

"Hapana, mwanangu," nikamjibu. "Mtihani tu."

Alasiri likakubaliwa. Lakini kukubaliwa siyo kufika. Mashine ya Makambako ilitakiwa ilichukue rekebisho hilo, na mtaalamu wao, aliyepatikana hatimaye, alisema atafika ofisini Jumamosi saa mbili. Mwalimu hakuiamini ahadi ya simu. Jumamosi alfajiri yeye na binti walipanda basi la kwanza.

Mwanangu alikuwa amekaa kwenye benchi uwanjani, simu mkononi, anabishana na mnunuzi. Mimi nilikuwa nachambua parachichi, kubwa huku, ndogo huku, na kila mara nikakuta nimechanganya. Mkwe akamletea mumewe uji. Saa nne simu ikalia ile sauti fupi. Mwanangu akatazama. Mkwe naye alikuwa anamimina, uji ukapita pembeni ya kikombe ukamwagika mezani.

"Mama," mwanangu akasema, "nani tena hawa? 'Kumbuka miadi yako.' Miadi ya nani? Matapeli."

Akafuta.

"Wamezidi," nikasema.

Mwalimu alirudi jioni, akala ugali wa baridi amesimama, kama kawaida yake. Sikumshukuru. Nilimwongezea mboga.

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa idara akamweleza kila kitu. Hakuna aliyekuwa amelalamika. Nilimwambia angenyamaza. Akasema kosa lile limeandikwa kule kwenye maandishi ya programu, na jina la binti, na siku, na kila mtu duniani anaweza kulisoma. Anayewafundisha watoto kuweka kazi wazi hawezi kuwafundisha kuficha aibu. Somo likafungwa. Mwaka uliofuata akahamishwa, akabeba vitu vyake viwili vitatu na zile kufuli mbili, akapita ukutani kumkwepa ng'ombe kwa mara ya mwisho.

Mkwe wangu alimweleza mumewe baadaye, kwa siku aliyoichagua mwenyewe, kwa maneno yake. Palikuwa na kelele, kisha wakaenda Makambako pamoja. Mimi nilijifanya sijui kelele ni za nini. Na kila mwezi mkwe aliponiaga kwamba anafuata vitenge, nilimjibu safari njema.

Kipupwe kilichopita nilikwenda Makambako kumwona mwanangu, nikamkuta Mwalimu nje ya ile kliniki na vijana wapya watano. Sweta lilelile.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Mama."

Somo lilikuwa limerudishwa, kwenye chuo kingine. Alinieleza kwamba siku hizi mgonjwa akiandikishwa anaulizwa aandikiwe maneno gani, na maneno hayo ndiyo yanayotumwa. Mmoja amechagua "Shangazi anakusalimu." Mwingine "Mbegu zimefika." Alisema hilo limeingia mpaka nchi nyingine, na binti wa Manda ndiye anayelisimamia, sasa ni yeye anayewarudishia watu kazi zao akiwaambia rekebisho halijajaribiwa. Kisha akawatuma vijana ndani, tukabaki wawili.

"Kuna neno sikukuambia, Mama. Lile rekebisho la kwanza, kabla ya kwenda kwa wa ng'ambo, nililisoma mimi. Ndani ya basi, natoka hapahapa, nimechoka. Nikaona limeandikwa vizuri, nikapitisha. Binti akalia jikoni kwako peke yake, nami nimekaa namuuliza maswali."

"Umemwambia?"

"Mwaka uleule, mbele ya wenzake. Na kila darasa jipya ninalianzia hapo." Akanitazama. "Na wewe? Mkwe anajua kwamba uliusoma ule ujumbe?"

Nikamwambia mambo yale yaliisha. Mume anajua, wanaishi vizuri, wajukuu wako shuleni. Kidonda kimepona, cha kuchokonoa nini?

"Sikukuuliza kama yaliisha," akasema. Akachukua begi lake akaingia ndani. Sijamwona tena.

Njia nzima ya kurudi Njombe nilikuwa nimekasirika. Nilifika nimekasirika. Mkwe alikuwa anaosha masufuria, nikasimama mlangoni nikamwambia yote, siku ya viazi, ujumbe, Mwalimu, Jumamosi.

Hakugeuka.

"Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu natunga uongo wa vitenge, na wewe unaniambia safari njema."

"Ndiyo."

"Ulinicheka?"

"Hapana."

"Basi ulinihurumia."

Hilo lilikuwa kweli. Siku mbili alinitengea chakula bila kufungua mdomo. Mwanangu aliporudi Jumamosi akauliza kuna nini, tukamwambia hakuna. Siku ya tatu alinifuata bustanini, akasimama mbele yangu, sauti imenyooka.

"Mama, sitaki huruma. Uongo nao nimeuchoka. Nataka nitoke nyumba hii kama mtu yeyote anavyotoka."

Jioni ile niliwaita wote, mwanangu, yeye, wajukuu, na mpangaji mpya, nikawasimamisha kabla hawajanawa. Nikawaambia: "Mtu mzima akitoka nyumba hii hatoi maelezo, si kwangu wala kwa mumewe. Ujumbe wenye jina la mtu anasoma mwenye jina. Atakayemuuliza mwenzake anakwenda wapi, atalala kwa jirani. Haya, naweni, leteni chakula."